Wiki Tatu za Mwalimu Erasmus Huko Molise

Mwalimu Erasmus Ndunguru alifundisha jiografia miaka thelathini na moja katika sekondari moja ya Temeke, na katika miaka yote hiyo kulikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mengine. Lilikuwa la kidato cha tatu, hali ya hewa ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Siku hiyo alikuja na chaki za rangi alizonunua mwenyewe. "Kiangazi kikavu chenye joto," alisema huku akichora. "Mvua wakati wa baridi, na baridi yenyewe ni ya kiasi. Mazao ni zeituni, zabibu, machungwa na ngano." Kisha aligeuka akauliza nani kati yetu amewahi kula zeituni. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Hata mie sijawahi," alisema, na darasa zima likacheka.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Naitwa Albano, nina duka la vipuri vya bodaboda pale Tandika. Mwalimu alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani tulianzisha kundi la WhatsApp tukajadili zawadi. Mmoja akasema tumnunulie sofa, mwingine akasema friji. Ni mie niliyeandika, "Kwa nini tusimpeleke akaione hiyo Mediterania yake?" Makofi ya emoji yakamiminika, na kabla ya juma kuisha michango ikawa imetimia.

Ilikuwa rahisi kuwaza hivyo kwa sababu binti yake alikuwa huko huko. Lusungu, mtoto wake wa pekee, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Italia kupitia kwa watawa. Aliondoka ana miaka ishirini na mbili, na sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa tisa hajarudi hata kwa likizo. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na dawa za mama yake alizinunua yeye. Ila ukimuuliza anarudi lini, ghafla mtandao ulianza kukatika.

Mama yake, Demetria, alipata kiharusi miaka miwili kabla ya Mwalimu kustaafu. Upande wote wa kulia ukapooza. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake bado ilikaa sebuleni kwao pale Kipawa, imefunikwa shuka. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, lakini akili ilikuwa timamu. Siku tulipokwenda kumkabidhi Mwalimu tiketi tulipiga picha, tukaimba, tukampigia vigelegele. Demetria alisubiri kelele zetu zipungue, kisha akamshika mumewe kwa mkono wa kushoto.

"Baba Lusungu."

"Naam, mama."

"Rudi naye."

Mwalimu akajibu mbele yetu wote kwamba atarudi naye. Nilikuwepo, nilisikia.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho. Alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, Jumapili nilizokuwa nikipita kumjulia hali.

Lusungu alikuwa anaishi Molise, mkoa mdogo wa kusini ambao Waitaliano wenyewe hutania kwamba haupo. Barua ya mwaliko ilitoka kwa mtu anayeitwa Michele, mtoto wa bibi mmoja ambaye Lusungu alikuwa akimtunza nyumbani. Mwalimu alidhani ni sehemu ya kazi ya uuguzi, kwamba hospitali humtuma kwa wagonjwa. Hakuuliza. Novemba akaondoka, Demetria akabaki mikononi mwa Najma, jirani yao wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye alikuwa akiwasaidia tangu kiharusi kilipoingia.

Uwanja wa ndege wa Roma hakupokelewa na mtu. Lusungu alikuwa amempa taarifa mapema kwamba kazi imembana, akamtumia maneno ya Kiitaliano ya kuonyesha watu ili apate basi. Mwalimu aliyaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa, na akaionyesha ile karatasi kwa watu wanne mpaka akajikuta ndani ya basi la kwenda Campobasso, mji mkuu wa mkoa ule. Lusungu alikuwa amesimama stendi, mvua inanyesha. Alipomwona baba yake alipiga goti pale pale kwenye lami iliyolowa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Inuka, utalowa."

Akamwinua. Ndipo alipoiona mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwenye vifundo vya vidole, kama ya mtu anayefua kutwa.

Kijiji chenyewe, Roccafosca, kilikuwa juu ya mlima, na baridi iliyomkuta huko hakuwahi kuiwaza. Usiku wa kwanza alilala na koti. "Albano," aliniambia, "mie nimewadanganya watoto wa watu miaka thelathini na moja. Eti baridi ya kiasi! Vile vitabu vilisahau milima." Nyumba zilikuwa za mawe, zimebanana, na nyingi madirisha yake yamefungwa kwa mbao. Shule ilikuwepo lakini imefungwa, watoto hakuna. Kulikuwa na duka moja, kanisa moja, na wazee waliokaa kwenye benchi wakamwitikia kwa kuinua kofia. Huyo bibi, Assunta, alikuwa na miaka tisini na moja. Alikaa jikoni karibu na moto kutwa nzima, akamshika Mwalimu mashavu kwa mikono yote miwili kama vile wamepotezana zamani.

Asubuhi ya pili, wakinywa kahawa, Mwalimu akaanza. "Lusu, mama yako amenituma."

"Baba, kwanza tuwahi basi. Nataka nikuonyeshe mji wa Warumi."

Jirani akabaki na bibi, nao wakaenda Sepino. Ni magofu ya mji wa kale ulio wazi bondeni, katikati ya mashamba, na siku ile hapakuwa na mgeni mwingine. Kuna lango la mawe bado limesimama, na barabara ya zamani ya kuswagia kondoo inapita katikati yake. Lusungu akamweleza kwamba kwa mamia ya miaka wachungaji walipita hapo na makundi yao, wakishuka pwani wakati wa baridi na kupanda milimani wakati wa joto. Mwalimu akasimama chini ya lile lango akasahau alichokuja nacho moyoni. Aligusa mawe. Aliuliza maswali kama mwanafunzi. Kondoo walipita kweli, wachache, na mchungaji wao, mzee mwenye redio shingoni, akawapa kipande cha jibini alichokikata kwa kisu cha mfukoni. Kilikuwa kikali, kina harufu ya zizi. Mwalimu alisema hajawahi kula kitu kinachoeleza mahali kinakotoka vizuri hivyo.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Najma, amemshikia Demetria simu sikioni.

"Umemwambia?" Demetria akauliza.

"Bado. Kesho."

Kesho yake Lusungu alimpeleka kuona mafundi wanaoyeyusha shaba na kutengeneza kengele za makanisa. Kesho kutwa walikwenda shambani kwa jirani kuvuna zeituni. Walitandaza nyavu chini ya miti, wakachana matawi kwa vitu kama vitana vikubwa, na zeituni zikaanguka kama mvua ya mawe. Mwalimu akaokota moja, nyeusi, inang'aa, akaitazama kwa muda mrefu, akaiweka mdomoni. Akaitema hapo hapo. Ilikuwa chungu kuliko shubiri. Wazee wa shamba wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lusungu naye alicheka, na Mwalimu akasikia ni kicheko kile kile cha mtoto aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda kanisani.

"Hailiwi hivyo, baba. Mpaka ikae kwenye chumvi miezi."

"Na vitabu havikusema," Mwalimu alimjibu, huku bado anatema.

Hapo alijaribu tena. Walikuwa wamekaa chini ya mti, wanakula mkate uliolowekwa mafuta mapya, ya kijani kabisa, yanayowasha kooni. Akasema, "Mama yako hawezi hata kujigeuza kitandani." Lusungu akatazama mkate wake. "Onja na hii, baba," akasema, akampa soseji ya pilipili. "Hii haipatikani popote ila huku."

Ikawa hivyo wiki nzima na nusu. Kila siku kitu kipya cha kuona, kila siku kitu kipya cha kula. Tambi zilizokunjwa kwa kidole gumba, vitunguu mwitu vichungu, mchuzi wa kondoo uliopikwa kwenye sufuria nyeusi. Mwalimu alikuwa anafurahi na alikuwa anajichukia kwa kufurahi. Kila jioni Demetria aliuliza swali lile lile, na kila jioni alijibu kesho.

Siku ya kumi na mbili walishuka Termoli, pwani. Ndiyo siku aliyoiona bahari yenyewe, Mediterania, au tuseme mkono wake wa Adria. Kulikuwa na majukwaa ya mbao yaliyosimamishwa juu ya maji kwa miti mingi myembamba, na mikono mirefu ya kushushia wavu. Alikuwa bado anayashangaa Lusungu alipomkamata mkono ghafla. "Baba, njoo huku, kuna mlango wa zamani sana." Akamvuta kwenye kichochoro. Mlango ulikuwa wa kawaida tu, umepauka, hauna lolote. Mwalimu akageuka. Mwishoni mwa kichochoro, barabarani, walikuwa wanapita polisi wawili, wanatembea taratibu, wanazungumza mambo yao. Lusungu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

 Mwalimu alifikiria uwanja wa ndege wa Roma. Alifikiria miaka tisa.

Waliporudi kijijini Assunta alikuwa ameamua kupika mwenyewe, kwa heshima ya mgeni. Lusungu alimsogezea kiti karibu na meza, na yule bibi akakanda unga wa mahindi kwa maji ya moto na chumvi, akautengeneza kama mkate bapa, akauoka chini ya majivu. Kwenye sufuria zilikuwa zinachemka mboga za majani za porini, za namna tatu nne. Mkate ulipoiva akaumega vipande vipande ndani ya mboga, akamimina mafuta ya zeituni juu, akampa Mwalimu bakuli.

Mwalimu alikula vijiko viwili akasimamisha kijiko.

"Lusu, hiki ni ugali na mboga za majani."

"Ndiyo, baba."

"Hiki ni kile anachopika bibi yako kule Mbinga. Hakuna tofauti. Ametia tu mafuta."

Assunta akataka kujua anasemaje. Lusungu akamtafsiria. Bibi akaongea kwa kirefu, akipiga meza kwa kidole. Lusungu akasema, "Anasema ni chakula cha umaskini. Walipokuwa watoto walikuwa na hicho tu. Wanawe hawataki kukiona. Wako Torino, wanakuja Agosti siku tatu, wanakula samaki." Kisha bibi akaongeza kitu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Lusungu uliopasuka. Lusungu hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Hamna kitu, baba."

"Lusungu."

"Amesema sasa hivi mtoto wake ni mimi."

Bibi alipolala jioni ile, wawili hao walibaki jikoni. Mwalimu akauliza bila kupandisha sauti, "Una karatasi za kuishi huku?"

Lusungu akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Nilifeli mtihani wa mwaka wa pili, baba. Nikarudia, nikafeli tena. Masista walitaka kunikatia tiketi nirudi. Mie nikaondoka bila kuaga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtoto wa mwalimu?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Ulikuwa unawaambia watu wote wa Kipawa binti yangu nesi, binti yangu nesi. Ningeanzia wapi?"

Mwalimu aliniambia kwamba hapo alitaka kukana, akashindwa. Ni kweli aliwaambia. Hata sisi wanafunzi wake wa zamani alituambia.

"Basi twende nyumbani," akasema. "Hakuna atakayekuuliza cheti. Mama yako hamalizi mwaka, Lusu. Daktari ameniambia mie, yeye hajaambiwa, lakini anajua."

"Nikitoka sirudi tena huku."

"Usirudi."

"Na dawa zake? Na nepi? Na Najma? Pensheni yako inatosha?" Akasogeza kuni motoni. "Nikija nitamshika mkono, basi. Nitamshika mkono tukiwa hatuna kitu, mpaka afe. Na baada ya hapo mie nani? Nina miaka thelathini na moja, sina hata kozi ya miezi mitatu."

"Anakutaka wewe. Hataki dawa."

"Najua. Unadhani kwa nini nilikuwa nakutembeza kila siku? Tukikaa ndani tungeongea. Huko nje angalau kuna cha kutazama."

Alilia, na Mwalimu naye akalia, wamekaa mbali mbali, meza katikati yao. Siku nane zilizobaki hawakwenda popote. Mwalimu alimsaidia kupasua kuni na kumgeuza yule bibi kitandani, kwa ule ujuzi alioupata kwa mkewe. Alimwonyesha binti yake namna ya kuweka mto katikati ya magoti ili ngozi isichubuke. Siku ya kuondoka Lusungu alimfungashia chupa ya mafuta na mfuko wa unga wa mahindi wa kule, akamsindikiza mpaka stendi ya Campobasso, hapo hapo alipompokea. Mbele ya hapo, bila karatasi, asingeweza.

Mie ndiye niliyempokea Dar es Salaam. Nilikuwa nimesimama na wenzangu watatu na bango. Alitoka peke yake, anasukuma sanduku, akasoma bango letu, akasema asanteni. Tulimuuliza Mediterania ikoje. Akasema ni nzuri sana. Tukampeleka nyumbani.

Demetria alikuwa amevalishwa kitenge kipya, amekalishwa kitini uso mlangoni. Chumba cha Lusungu kilikuwa kimetandikwa. Aliangalia nyuma ya Mwalimu, akaniona mie, akaangalia nyuma yangu.

"Karatasi zake hazijakaa sawa," Mwalimu akasema. "Zikikaa sawa atakuja."

Demetria hakuuliza karatasi gani. Nadhani pale pale alielewa, au alielewa nusu. Sisi tulipoondoka walibaki wawili.

Kesho yake Mwalimu alifikiria la kumfurahisha. Alikanda ule unga, akauoka kwenye kikaango juu ya mkaa, akachemsha mchicha na majani ya maboga, akamega mkate ndani, akatia mafuta. Kwa kuwa mkewe alipata shida kumeza, aliponda vyote vikawa laini kama uji. Akakaa naye akimlisha, huku anamsimulia: lango la Warumi, kondoo, zeituni aliyoitema, bibi wa miaka tisini na moja. Demetria alitabasamu kwenye zeituni. Mwalimu akapata nguvu, akaendelea.

"Na hiki ndicho wanachokula, Mama Lusungu. Ni ugali wetu na mboga zetu. Usiwe na wasiwasi kwamba mtoto anakula vitu asivyovizoea. Yuko kama nyumbani."

Demetria aliacha kumeza. Akamwangalia. Maneno yalichukua muda kutoka.

"Nilikuwa nasema," akasema, "atakumbuka ugali. Ugali utamrudisha."

Mwalimu akajaza kijiko kingine.

"Kumbe na huko upo," akasema Demetria, na kijiko kilichofuata akakikataa.

Alifariki mwezi wa tatu, wiki ya kwanza ya Kwaresima. Hakuwahi tena kumuuliza mumewe kuhusu safari ile, na simu za Jumapili alizisikiliza bila kusema kitu. Mazishi yalikuwa makaburi ya Kinondoni. Nilishika simu juu ya watu ili Lusungu aone, lakini mtandao ulikuwa dhaifu na picha ikawa inaganda. Aliniambia baadaye kwamba aliona jeneza likiwa juu, halafu akaona udongo umeshajaa. Katikati hakuona.

Assunta naye alifuata kabla ya Pasaka. Wanawe walikuja, wakamshukuru Lusungu, wakafunga madirisha kwa mbao. Lusungu sasa yuko kaskazini, mji ambao Mwalimu hajautafuta kwenye ramani, anamtunza mzee mmoja ambaye halikumbuki jina la Lusungu kutoka asubuhi hadi jioni. Anapiga simu mara moja kwa mwezi. Wanaulizana afya, wanaambiana hali ya hewa, wanaagana.

Wale wenzangu wa kundi walitaka Mwalimu aje shuleni awasimulie wanafunzi wa sasa aliyoyaona. Nilimfikishia ombi. Alikuwa anabandika sufuria ya chai.

"Waambie naumwa," akasema.

"Unaumwa nini, Mwalimu?"

"Wewe waambie tu, Albano."

Chumba cha Lusungu amekipangisha. Mpangaji anaitwa Nikodemu, karani wa mizigo, kijana wa watu, mpole, anatoka alfajiri na kurudi jioni akiwa amekula huko huko. Jumapili iliyopita nilimkuta Mwalimu akimwonyesha namna ya kufunga dirisha ambalo komeo lake limelegea. Unalisukuma kwanza, alikuwa anamwambia, halafu unalinyanyua kidogo. Nikodemu akajaribu, likafunga. Mwalimu akasema, "Vizuri," akarudi sebuleni akakaa.